Neno Nililomsomea Mama Atu

Tabita mama,

Mambo ya blanketi, sufuria, sabuni na namna ya kufunga begi lisije likafunguka njiani, mama yako ameyamaliza. Nilikaa pale mlangoni nikisubiri zamu yangu ya kukuagiza, zamu haikufika. Kila nilipofungua mdomo, yeye alikuwa ameshasema. Mwishowe nikaambiwa nipishe mlango kwa sababu naziba mwanga. Basi nimehamia ghalani. Nimekalia gunia la mahindi, daftari nimeliweka juu ya debe lililopinduliwa, nakuandikia. Ninyi mmekwenda Isansa kuwaaga shangazi zako, na ninavyowajua shangazi zako, hamtarudi kabla jua halijashuka. Muda ninao.

Juzi ulinipa madaftari yako ya chuo niyafunge kwa kamba. Ukasema, "Baba, usiyasome, yafunge tu." Unanijua. Nikayasoma. Katika lile lenye jalada la kijani umeandika perennial crops, ukapiga mstari chini yake, na chini ya mstari, kwa mwandiko wako ule unaolala kama mahindi baada ya upepo: mazao ya kudumu, kahawa, chai, migomba. Migomba umeiweka ya tatu. Nikakaa chini. Ulipopita ukaniuliza, "Baba, mgongo tena?" Nikasema ndiyo, mgongo. Haukuwa mgongo.

Siku moja kabla ya hapo, tukiwa tunakula, wewe umekwenda kuchota maji, mama yako alisema kama mtu anayeomba chumvi:

"Tabita akifika Itumba kuanza kazi atafikia kwa Mama Atu."

"Mama Atu yupi?"

"Kwani wewe unawajua Mama Atu wangapi?"

Nikalirudisha tonge sahanini. Namjua mmoja tu. Na wewe ulimjua, ila ulikuwa darasa la tatu: yule mama Mndali aliyekuwa analima bondeni kwa baba yako mkubwa Zabloni, ambaye binti yake Atu mlikuwa mkiteleza naye mteremko mzima mmekalia magome ya migomba, mkirudi na sketi ambazo mama yako alizisugua huku akiimba nyimbo za kanisa kwa hasira. Kumbe miaka yote hii mama yako amekuwa akionana naye kwenye semina za akina mama. Wanapeana salamu, wanatumiana mbegu za maharage, mimi sijui lolote. Nikauliza, na sauti yangu haikuwa ya mwalimu:

"Amesema nini?"

"Amesema mtoto aje, chumba kipo."

"Na kuhusu mimi?"

"Wewe hukutajwa, Baba Tabita."

Halafu akaendelea kula mboga. Afadhali ningetukanwa.

Sasa unaona kwa nini naandika. Kesho utaingia nyumba ya mtu niliyemkosea. Labda yeye hatakuambia kitu, si mtu wa maneno mengi. Labda Atu atakuambia siku moja mkiwa mnamenya ndizi jikoni. Vyovyote vile utajua. Na mimi, niliyeishi miaka ishirini na mitatu nikiwa baba anayejua kila kitu, naogopa uipate habari hii kwa mdomo wa mtu mwingine kuliko ninavyoogopa uzee. Ipate kwangu, na uipate nzima.

Nianze na neno lenyewe, kwa sababu lilianza kama mchezo.

Ulikuwa hujaanza shule. Bwana shamba mmoja alipita kijijini akaacha kijitabu cha Kiingereza kuhusu kahawa, na mstari wa kwanza tu ukanishinda: kahawa ni perennial crop. Sikulijua neno hilo. Nikaenda kwenye kamusi yangu, ile iliyofungwa kwa kipande cha gunia ili kurasa za herufi A zisidondoke. Kamusi ikaniambia ni mmea unaoishi zaidi ya miaka miwili. Mwanangu, nikalipenda lile neno kama mtu anavyopenda kofia mpya. Na mtu mwenye kofia mpya hakai nyumbani. Nilimwambia mwalimu mkuu kwamba kikohozi chake ni perennial. Nilimwambia mchungaji, baada ya ibada iliyotuchelewesha chakula, kwamba mahubiri yake ni perennial, akanishukuru sana. Mama yako nilimwambia kwamba uzuri wake ni perennial. Akauliza kama ni ugonjwa.

Mwalimu mkuu ndiye aliyenikalisha chini. Alisoma zaidi yangu, ila hakuwahi kulitangaza jambo hilo. "Mwalimu," aliniambia tukiwa tunasahihisha madaftari, "hilo neno halivaliwi kila mahali. Wenyewe hulitumia kwa mmea usiopandwa upya kila mwaka. Hulitumia kwa mto usiokauka kiangazi. Hulitumia pia kwa tatizo linalorudi kila mwaka, kama hili letu la madawati. Mzee akiishi miaka tisini hawamwiti hivyo. Kiatu kikidumu hawakiiti hivyo. Kiatu hakichipui."

Hilo la kiatu lilinifurahisha mpaka nikalifundisha darasa la saba kama langu. Lakini sikusikia alichokuwa ananiambia, kwamba kujua neno limeandikwaje kwenye kamusi ni kazi moja, na kujua linasemwa wapi na kwa nani ni kazi nyingine. Mimi nilikuwa nimemaliza kazi moja nikadhani nimefunga shule.

Haya. Mama Atu na mumewe walikuja kwetu kutoka Ileje, huko huko uendako, kuvuna kahawa za watu. Mume akafariki kwa homa, akamwacha na watoto watatu, Atu akiwa mkubwa wao. Kaka yangu Zabloni alikuwa na kile kipande cha bondeni karibu na kijito, mteremko mkali ambao hakuwahi kuushughulikia kwa sababu maksai hawawezi kugeuka pale. Akakubali kumwazima. Desturi unaijua, na huko uendako utaikuta: anayeazimwa shamba analima mahindi, maharage, viazi. Hapandi kahawa, hapandi miti, kwa sababu mtu akipanda kahawa leo, wajukuu zake watakuja kuionyesha kidole na kusema hapa ni kwetu. Kila mtu anajua hivyo bila karatasi.

Tatizo ni kwamba kijiji kilikuwa na mimi. Kaka akaniambia, "Mdogo wangu, tuandikie basi kakaratasi." Mtu mwingine angeandika mistari mitatu ya Kiswahili akaenda zake. Mimi niliandika ukurasa mzima wa Kiingereza, nikaupiga chapa kwa mashine ya shule, maana niliona makubaliano ya Kiswahili yanafanana na barua ya mtoto kuomba ruhusa ya kwenda kliniki. Na pale katikati, limeketi kama chifu, nikaliweka neno langu: asipande perennial crops.

Siku ya kutia dole tulikaa barazani kwa kaka. Niliisoma karatasi yote kwa Kiingereza, kwa sauti ya mtangazaji wa redio. Kaka alikuwa akiitikia kwa kichwa kila nilipovuta pumzi, hakuelewa hata nukta. Kisha akaingia ndani kutafuta wino. Tukabaki wawili.

"Mwalimu," akasema Mama Atu, "hicho Kiingereza mimi nakiogopa kama nyoka. Niambie tu nisipande nini."

"Kahawa," nikamwambia. "Na miti ya mbao."

"Na ndizi?"

Nikacheka. "Ndizi ni chakula, mama. Nani atakukataza kula?"

"Basi?"

"Basi."

Kaka akarudi na wino, Mama Atu akatia dole, tukanywa togwa, tukaachana.

Ndizi alizipanda mwaka wa pili, kwa machipukizi aliyotoa kwao. Sisi Wanyiha tunapanda migomba, sikatai, lakini wale Wandali wanaishi nayo. Kila mwanzo wa mvua alikuwa anapita shina kwa shina na panga, anaacha mgomba mkubwa, binti yake na mjukuu, machipukizi mengine yote anatoa. Wewe umefundishwa hilo kwa mchoro, nimeuona, umepaka na rangi. Yeye alikuwa akilifanya kwa mazungumzo: "Wewe baki. Wewe ondoka. Wewe subiri kidogo, mama yako hajamaliza." Nilikuwa nikipita njiani namsikia, namwona ni mtu wa ajabu. Mimi, niliyekuwa nikizungumza na kamusi.

Kisha ikaja ile miaka bei ya kahawa ilipoanguka. Wanunuzi binafsi walijaa kila njia panda, kila mmoja na mzani wake, na bado ulikuwa ukitoka nyumbani na gunia unarudi na sukari na sabuni. Ndizi zikawa ndiyo mambo. Lori likawa linakuja kuchukua mikungu kupeleka Tunduma, na mama mmoja Mzambia aliyekuwa akifuata mzigo hadi huku kwetu alizitaka za Mama Atu tu. Za wengine alikuwa akizibonyeza kwa kidole, anasema, "Hizi awe, mukwai," yaani hizi hapana, kwa heshima zote, na kuziacha hapo hapo chini. Zangu ziliachwa mara mbili.

Kaka yangu akaanza kupita bondeni kila siku na mikono nyuma. Alikuwa hapiti huko zamani. Baada ya wiki chache kikaitwa kikao.

Tulikutana uwanjani kwake Jumamosi, wazee wa kitongoji na majirani wote. Kaka akasema Mama Atu amevunja makubaliano, amepanda mazao ya kudumu. Mama Atu akasema ndizi hakukatazwa. Wazee wakatazamana. Kwa desturi, ndizi za kula hazijawahi kumtoa mtu kwenye shamba, na kila aliyekaa pale alilijua hilo. Lakini karatasi ilikuwepo, ilikuwa imepigwa chapa, na ilikuwa ya Kiingereza. Mzee Mwampashi, aliyekuwa anaongoza, akakuna kidevu akasema:

"Si Kamusi yupo? Aje Kamusi."

Kamusi ndiye mimi. Ndilo jina walilokuwa wananiita, nusu heshima nusu dhihaka, na mimi nilikuwa nasikia ile nusu ya kwanza tu. Na nilikuja nimejiandaa, mwanangu. Kamusi yenyewe nilikuwa nayo kwapani. Hakuna aliyeniagiza kuibeba.

Nikasimama. Nikafungua ukurasa polepole ili waone ni mwembamba. Nikasoma kwa Kiingereza, kisha nikafasiri: mmea unaoishi zaidi ya miaka miwili.

"Mgomba unaishi miaka mingapi?" akauliza Mzee Mwampashi.

Nikaeleza kwamba mgomba mmoja mmoja huzaa ukafa, lakini shina lenyewe huendelea kuchipua miaka na miaka, kwa hiyo kitaalamu, nilisema hivyo hivyo, kitaalamu, ni perennial.

"Zaidi ya miaka miwili!" akasema mzee. "Basi hata mke wangu ni perenio. Tangu zamani namwambia aende kwao, anachipua tu."

"Chipua wewe meno kwanza," mkewe akamjibu kutoka upande wa wanawake.

Watu walicheka mpaka wengine wakashika matumbo. Na mimi nikacheka, nimesimama katikati ya uwanja na kitabu changu, macho yote kwangu, na sijawahi kujiona mwenye akili kama dakika ile.

Mama Atu hakucheka. Alisubiri kelele zishuke, akasema taratibu:

"Mwalimu, nilikuuliza ndizi. Siku ile ya dole. Ulisema ni chakula."

Kaka akanitazama. Mzee Mwampashi akanitazama. Ilitakiwa niseme neno moja tu, "kweli," na kikao kingevunjika, na kaka angeninunia mwezi mzima, na mimi ningeonekana mtu aliyeandika karatasi asiyoielewa. Hicho cha mwisho ndicho kilichonishinda. Kununiwa na kaka ningeweza.

Nikasema, "Siku ile nilikuwa natoa mfano tu, mama."

Mfano! Mfano wa nini? Hata leo sijui. Lakini lilisikika kama jibu la msomi, na kwa kikao kile likatosha.

Alinitazama kidogo, si kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayesoma maandishi mara ya pili ili ahakikishe. Kisha akakaza khanga kiunoni, akaomba jambo moja tu: aruhusiwe kung'oa machipukizi akapande kwao. Kaka akasema achukue. Wiki iliyofuata wakaondoka, yeye na watoto watatu, magunia mawili ya machipukizi na kuku mmoja. Alikuwa na msimu mzima wa mikungu haijakomaa. Aliiacha imesimama.

Utauliza baba mkubwa alinipa nini. Hakunipa kitu, na wala hakuniomba. Laiti angenipa, ningekuwa na kitu cha kusingizia. Jioni ya kikao alituletea mkungu mmoja. Mama yako akaupika, akatupakulia, yeye hakula. Nikamuuliza kama anaumwa.

"Nimeshiba maneno," akasema.

Na wewe ukauliza Atu yuko wapi. Nikakuambia wamepata shamba kubwa kwao. Ukauliza mbona hakukuaga. Nikakuambia umalizie hesabu zako. Ule ulikuwa uongo wa pili, na huo nilikuambia wewe, kwa hiyo huo nakuomba radhi wewe, hapa hapa, kabla sijaenda mbali. Ulimsubiri yule mtoto pale kwenye mteremko siku nne. Nilikuwa nakuona kutoka darasani.

Kaka yangu alibaki na migomba, ila hakubaki na mikono iliyokuwa ikiilea. Aliacha kila chipukizi limee, maana kwake kila moja lilikuwa mkungu wa kesho. Msimu wa pili ikabanana, mikungu ikawa midogo kama ngumi ya mtoto. Yule mama Mzambia akaja, akabonyeza, akasema maneno yake, hakurudi tena. Baada ya miaka michache bonde lote lilikuwa kichaka, na mpaka leo ni kichaka, umekipita mara nyingi ukienda kisimani. Kamusi haikusema uongo. Mgomba kweli unaishi zaidi ya miaka miwili. Ila haikuandika kwamba unaishi hivyo pale ambapo mtu anapita na panga kila mvua zinapoanza na kuamua kipi kibaki. Hilo sikulipata ukurasa wowote. Nimelipata kwa kupita bondeni mwaka baada ya mwaka nikitazama upande mwingine.

Na ile maana ya tatu aliyoniambia mwalimu mkuu, ya tatizo linalorudi kila mwaka, nayo nimeielewa bila mwalimu. Mvua za kwanza zikinyesha, watu wakitoka na mapanga kwenda kwenye migomba yao, aibu yangu inachipua. Nimeikata sana. Nilijiambia karatasi ni karatasi. Nilijiambia wale wangeondoka tu, kwao si Ileje? Nilijiambia wazee ndio walioamua, mimi nilisoma tu. Nakata, inakaa kimya kiangazi chote, mvua zikija ipo na majani mapya. Mwaka jana nilijikaza nikamwendea kaka. Nikamwambia, kaka, lile jambo la bondeni. Akaniuliza, "Lipi?" Nikamkumbusha. Akacheka akasema, "Hayo si yalikwisha, mdogo wangu? Kaa unywe chai." Nikakaa, nikanywa chai. Kwake yalikwisha kweli.

Sasa wewe unakwenda kuwa bibi shamba, na watakuita Mtaalamu. Ni jina tamu, nakuonya, tamu kuliko Kamusi. Mimi sikuambii uache maneno makubwa. Huwezi, umeyatoa kwangu. Darasa la tano ulimwambia bibi yako kwamba chai yake ina usanisinuru, akaimwaga. Ninachotaka kukuambia ni kidogo, na nitakisema mara moja. Mtu akikujia na karatasi mkononi anauliza maana ya neno, mtazame uso kabla hujatazama karatasi. Mama Atu hakuniuliza maana ya perennial. Aliniuliza kama wanawe watakula. Na kinachoniuma kuliko vyote ni kwamba mara ya kwanza, tukiwa wawili barazani, hakuna wa kunisikia wala wa kunisifu, nilimjibu sawasawa. Jibu nilikuwa nalo. Nililipoteza nilipopata wasikilizaji.

Naona nimeanza kuhubiri. Nimesimama, nimezunguka magunia, nimerudi kukaa.

Jana nilifunga kilo mbili za kahawa yetu na kabarua kafupi, nikataka umpelekee. Asubuhi hii nimekafungua kale kafurushi. Nilikuwa nakutuma wewe, siku yako ya kwanza ugenini, uingie mlangoni mwa watu umebeba mzigo wangu, halafu mimi nikae hapa nisubiri majibu kama mtu aliyetuma mtoto dukani. Hapana. Kwa hiyo kesho nakuja na wewe. Si mpaka kituoni. Tunashuka wote pale njia panda ya Mpemba, tunabadili gari wote, tunafika wote Itumba. Nilimwambia mama yako leo asubuhi nikitegemea atashangaa, labda hata atanisifu kidogo. Akasema:

"Shati lako la bluu nimelipiga pasi tangu juzi."

Sijaandaa hotuba. Nimejaribu tatu humu ghalani kwa sauti, na zote zilikuwa ndefu, na zote zilinipendelea. Nitamwambia kwamba aliniuliza, nikamjibu, na siku ya kikao nikasema uongo mbele ya watu. Nikirudi nitayasema hayo hayo kwa wazee wa kitongoji, kwa kuwa uongo niliusema mbele yao. Mzee Mwampashi ameshakuwa mzito wa masikio, itabidi nipige kelele. Sawa tu. Msimu ule wa mikungu hautarudi, na miaka ile Atu aliyoanza upya katika shule nyingine haitarudi, na sitajifanya kwamba maneno yangu yatailipa. Lakini angalau atakuwa hana haja ya kuwa mtu pekee anayejua ukweli.

Barua hii nitaiweka juu ya begi lako uisome leo, ili usije ukayasikia haya kwa mara ya kwanza ndani ya gari, umebanwa dirishani na baba yako, huna pa kukimbilia. Ukimaliza, usije kunifariji. Na kama utaona ni afadhali uanze kazi yako bila mimi kukufuata nyuma na kashfa yangu, niambie asubuhi bila kuzunguka. Sitakasirika. Nitabeba begi mpaka kituoni, nitakupungia mkono kama baba wengine, na Itumba nitakwenda siku nyingine peke yangu. Ila nitakwenda. Hilo sikuombi ruhusa.

Tukifika, wewe tangulia kubisha hodi, maana wewe ndiye waliyemkaribisha. Mimi nitasimama nyuma na begi. Akisema niingie, nitaingia. Akinitazama akafunga mlango, Tabita mama, usibaki nje na mimi kwa kunihurumia. Usinitetee. Usimnunie siku hata moja, hata ukiikumbuka sura yangu pale mlangoni. Pokea begi lako, ingia, muulize kazi za jikoni ziko wapi, ushike.

Kuna gari la kurudi saa nane mchana. Nitalipata.

Mimi,
Baba yako